Jumba la Mapumziko Lililozaa Jiji

Wajuzi wa lugha hawajaacha kubishana juu ya jina la Dar es Salaam. Wapo wanaoshika kuwa asili yake ni Bandar as-Salaam, bandari ya salama, na kuwa ndimi za watu wa pwani zimelikata neno la kwanza hata likabakia Dar. Na wapo wanaosema kuwa ni Dar tangu mwanzo, yaani nyumba: nyumba ya salama. Mabishano haya huonekana kuwa ya watu waliokosa kazi ya kufanya, lakini ndani yake mna swali kubwa la historia. Bandari ni ya kila anayekuja na chombo chake, awe mgeni au mwenyeji. Nyumba ina mwenyewe, ina mlango, na mlango una komeo. Je, Sayyid Majid bin Said, alipolichagua hori lile la Mrima, alitaka bandari au alitaka nyumba? Jawabu ni kuwa alivitaka vyote viwili, na mvutano uliotokana na kuvitaka vyote viwili haujesha hadi leo katika ufukwe mzima unaoanzia Magogoni, ukapita Msasani, ukafika Mbezi na Kunduchi.

Majid alikuwa mtoto wa majumba ya pembezoni. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alikuwa na jumba la mjini, katika Unguja Mjini, lakini jumba alilolipenda zaidi lilikuwa Mtoni, kaskazini ya mji, mahali ambapo maji matamu yanakutana na bahari. Bibi Salme, dada yake Majid kwa baba, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameliandika jumba hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886: ua mpana wenye kishindo cha watoto na watumwa, mabirika ya kuogea, baraza ya mbao iliyoelekea baharini ambamo Sayyid alipenda kukaa, na katikati ya ua wanyama na ndege wa kila namna wakitembea wapendavyo, paa, mbuni, mabata, na tausi. Tausi hawa tuwaweke akilini, kwani watarejea.

Alipofariki Sayyid Said baharini mwaka 1856, Majid alirithi Unguja na Mrima, na pamoja na hivyo akarithi fitina. Kaka yake Thuweini, aliyekuwa Maskati, aliudai ufalme wote. Mdogo wake Barghash alimwasi mwaka 1859, na Salme, aliyekuwa kijana bado, akamsaidia mwasi kwa kumwandikia barua. Waingereza ndio waliouzima uasi ule kwa mizinga na askari wao, na Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza hao hao wakaamua kuwa Unguja na Omani ziwe falme mbili, na Majid alipe kwa Maskati reale elfu 40 kila mwaka. Kwa hiyo alibaki na kiti chake, lakini alikikalia huku mabalozi wakimchungulia dirishani. Kila alilofanya mjini Unguja lilijulikana kwa balozi wa Uingereza kabla ya adhana ya magharibi.

Kwa mtu wa namna hiyo, kutamani mahali pa kupumzikia si anasa tu. Majid hakuwa na afya njema, na waliomwona wamesema hivyo. Lakini maradhi yake makubwa yalikuwa kukosa nafasi. Mnamo mwaka 1862 macho yake yaliangukia hori moja lililo kusini kidogo ya Bagamoyo. Mlango wake ni mwembamba na umejipinda, kiasi kwamba aliye baharini haoni kilichomo ndani. Ukishaingia, maji yanatanuka na kutulia kama ya ziwa. Kando yake palikuwapo kijiji cha Mzizima, cha Washomvi na Wazaramo, watu wa uvuvi, chumvi, mtama na biashara ndogo ndogo, wenye majumbe wao na mapatano yao ya zamani juu ya nani ale ushuru wa nini. Hapakuwa patupu. Jambo hili linafaa kusemwa wazi, kwa sababu hadithi ya kuanzishwa kwa mji huu husimuliwa mara nyingi kana kwamba Sultani alifika mahali pasipo na mtu.

Ujenzi ulishika kasi mnamo 1865 na 1866. Mafundi walivuka kutoka Unguja. Mawe yalichongwa katika matumbawe, chokaa ikachomwa papo hapo, boriti za mikoko zikaletwa kwa majahazi, na milango ya nakshi ikatengenezwa kwa mkono ule ule uliochonga milango ya Shangani na Malindi. Jumba la Sultani lilisimama likielekea hori, mahali ambapo leo inapita barabara ya Sokoine, na jirani yake likajengwa jumba la pili, la kupokelea wageni. Visima vilichimbwa, na minazi ikapandwa kwa wingi nyuma ya mji. Wapandaji na wachukuzi wa mawe walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa. Mji uliopewa jina la salama ulijengwa na watu wasio na salama, na hakuna aliyeandika majina yao. Wakati majina ya mabalozi waliokuja kula pilau ya kuufungua tunayo.

Maana karamu hiyo ilikuwapo. Mwezi Septemba 1867 Majid aliwaalika mabalozi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani katika mji wake mpya, akawakirimu kwa ukarimu wa kifalme. Ukitazama kwa makini, karamu hii ina kichekesho chake. Mtu aliyekimbia macho ya mabalozi aliwaita mwenyewe waje kuyatazama maficho yake. Lakini hakuwa na njia nyingine. Mji wa mapumziko ulikuwa pia mji wa biashara: Majid alitaka misafara ya pembe iteremke hapa badala ya Bagamoyo na Kilwa, na meli kubwa za kigeni zitie nanga penye maji ya kina. Bandari bila wageni si bandari. Na nyumba iliyojaa wageni si mapumziko.

Katika miaka ile ile ya ujenzi, mwaka 1866, Salme alitoroka Unguja kwa meli ya Kiingereza akaenda Aden na kisha Hamburg. Ndugu wawili waliokulia jumba moja, kila mmoja akitafuta mlango wa kutokea. Mlango wa Salme ulimfikisha Ulaya. Wa Majid ulikuwa Mzizima, na haukumchukua mbali: mwaka 1870, kwa jinsi inavyosimuliwa, alianguka ndani ya jumba lake jipya akaumia, na mwezi Oktoba wa mwaka huo akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 36 hivi. Jumba alilolijenga ili limtunze ndilo, kwa masimulizi hayo, lililomvunja.

Barghash akapanda kitini, na Barghash hakupenda kitu chochote kilichomkumbusha Majid. Hakuubomoa mji wa kaka yake, aliuacha tu. Mvua na mizizi vilifanya kazi iliyobaki. Fedha na mafundi vilirudi Unguja, ambako Barghash alijenga majumba yake mwenyewe ya mapumziko, Chukwani kusini na Marahubi kaskazini, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib mjini. Dar es Salaam ilibaki na nyumba zisizomalizwa, paa zilizoporomoka, na watu wachache waliolima minazi iliyokosa bwana. Wasomaji wa mashairi hapa watamkumbuka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambaye katika Al-Inkishafi aliyatazama magofu ya Pate akaisemeza nafsi yake. Tofauti ni kuwa Pate ilichukua vizazi kuwa gofu, na Dar es Salaam ilichukua miaka michache tu. Ni nadra mji kupata utoto na ukongwe katika maisha ya mtu mmoja.

Yaliyofuata yanajulikana, na hayahitaji kukaliwa sana. Mwaka 1887 kampuni ya Wajerumani ilifungua kituo chake hapo, na mwaka 1891 Dar es Salaam ikawa makao makuu ya koloni lao. Walipolitazama hori la Majid waliona kile alichokiona yeye, ila wao walikuwa na vyombo vya moshi na fedha za dola. Gavana wao alijengewa jumba si ndani ya hori, bali nje kidogo, karibu na mlango wake, penye upepo wa bahari kuu na karibu na Mzizima ya zamani. Mwaka 1893 bustani ya majaribio ya mimea ilianzishwa jirani, chini ya Franz Stuhlmann, na miti mingi ya kigeni ambayo leo inaonekana kuwa ya pwani tangu Adamu iliingilia mlango huo. Kijiji kilisukumwa. Wavuvi walihamia pembeni, na ufukwe uliokuwa wa ngalawa ukawa uwanja wa mbele wa gavana.

Hata huyo gavana hakupumzika pale. Joto na homa vilimtuma milimani, Usambara, katika mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal na ambao sisi tunauita Lushoto. Na Waingereza walipokuja kuitawala Tanganyika, nao walijiwekea makazi ya kiangazi huko huko. Hivyo kasri lililojengwa baharini kwa sababu ya upepo wake likawa ofisi, na mapumziko yakasogezwa mbali. Mwendo huu utajirudia kila utawala ubadilikapo: popote mtawala anapotua kupumzika, makarani, askari na waombaji humfuata, na baada ya muda mahali pale si pa kupumzikia tena.

Kasri la Wajerumani lilipigwa mizinga ya manowari za Kiingereza mwishoni mwa mwaka 1914, likabaki kuta. Mji wenyewe ulitekwa Septemba 1916. Hapa ndipo kisiwa kinapoingia tena katika hadithi, na kwa njia ambayo wengi wanaopita mbele ya Ikulu ya Dar es Salaam hawaitambui. Aliyelisanifu upya jumba hilo, likamalizika mwaka 1922, alikuwa John Houston Sinclair, mtumishi wa serikali ya Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1896 na kukaa miaka mingi, mpaka mwishowe akawa yeye mwenyewe Mkaazi wa Kiingereza. Sinclair ndiye mwenye Posta ya Shangani, Mahakama Kuu ya Vuga, na nyumba ya kumbukumbu ya amani iliyoko Mnazi Mmoja, yenye kuba nyeupe, inayoitwa Beit al-Amani. Ndiye pia aliyejenga, mwaka 1903, nyumba ya wakuu wa Kiingereza pale Vuga, ambayo leo ni Ikulu ya Zanzibar.

Kwa hiyo Ikulu mbili za Jamhuri ya Muungano, ya bara na ya visiwani, zimetoka katika mkono mmoja. Ukizitazama unaona undugu wao: kuta nyeupe, matao yenye mawimbi, kingo za paa zilizokatwa meno kama za ngome, varanda ndefu zinazokaribisha upepo na kulikataa jua. Sinclair alipenda sanaa ya Waarabu na ya Waswahili kwa namna ya mgeni apendaye, akichukua tao kutoka huku na kuba kutoka kule. Wapo wanaomdharau kwa sababu hiyo, kwamba alijenga Arabuni ya kubuni. Dharau hiyo ina haki kidogo. Lakini ukweli unabaki kuwa Majid alipeleka Mrima mafundi wa Unguja wakajenga jumba likaanguka, na nusu karne baadaye mtindo wa Unguja ulivuka tena mkondo ule ule, umebebwa na Mwingereza, na mara hii ukasimama.

Jina lenyewe la Ikulu, kwa upande wake, halikutoka pwani. Ni neno la bara, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, lenye maana ya makazi ya mtemi. Kiswahili cha visiwani kilikuwa na maneno yake, beti, kasri, jumba la Sultani, lakini baada ya uhuru yote hayo yalikuwa na harufu ya enzi zilizoondoka. Neno la mtemi likapanda juu ya nyumba ya gavana, nyumba ikakubali.

Mwalimu Julius Nyerere aliingia ndani yake akiwa Rais wa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Alitoka katika nyumba ndogo ya Magomeni, ambayo sasa ni makumbusho, na mazoea yake yalikuwa ya mwalimu wa shule, si ya mkaazi wa kasri. Mwaka mmoja na wiki chache baadaye, alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, leo Lugalo, waliasi, wakaishika barabara ya Bagamoyo kuelekea mjini na kufika hadi Ikulu. Rais alifichwa na wasaidizi wake kwa siku kadhaa. Siku tano baada ya uasi kuanza, wanamaji wa Kiingereza walishuka wakauzima. Zaidi ya miaka 100 baada ya uasi wa Barghash, mkuu wa nchi katika pwani ile ile aliokolewa kwa mizinga ya mgeni yule yule, na hakuna aliyeona aibu ya jambo hilo kuliko Mwalimu mwenyewe, ambaye alilisema hadharani.

Miaka michache baadaye alihama. Aliiacha Ikulu kama mahali pa kulala, akaifanya kuwa mahali pa kazi, akaenda kuishi Msasani, kaskazini ya mji, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa mkopo, kama inavyofahamika, karibu na bahari. Kila asubuhi alikwenda kazini na kurejea, kama karani. Ramani ina jambo la kuonyesha hapa. Msasani iko upande ule wa barabara ya Bagamoyo waliotokea waasi wa Colito. Mtu anayejificha hahamii huko. Anayehamia huko ni mtu aliyechoka kuishi ndani ya nyumba ya gavana.

Msasani haikuwa kasri. Ilikuwa nyumba ya mtu mwenye watoto wengi, wageni wengi na vitabu vingi, katika kitongoji cha wavuvi ambacho kilikuwa bado hakijameza mji. Wapenzi wa ushairi wana sababu ya kuifikiria miaka hiyo. Mtu huyu aliyekuwa akiendesha serikali alikuwa pia akimfasiri Shakespeare: Julius Caesar ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Baada ya kustaafu aliziweka Injili katika utenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Kupima mizani ya mstari si kazi ya chumba kinachogongwa mlango kila robo saa. Kama kuna hoja ya kutetea haki ya mkuu wa nchi kuwa na mahali pa kujitenga, hoja hiyo ni hii kuliko zote: si kwa ajili ya kuogelea na karamu, bali ili aweze kuwa, kwa saa chache za usiku, mtu anayetafuta neno.

Zanzibar nayo ilikuwa na lake. Kibweni, kaskazini ya mji, lilisimama kasri lililojengwa mwaka 1915 kwa ajili ya Sultani Khalifa bin Harub, juu ya ufukwe mmoja na Mtoni na Marahubi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 lilichukuliwa na serikali. Mtoni ikabaki gofu. Marahubi ilikwisha kuungua mwaka 1899. Kibweni ikabadili bwana na kubaki na paa. Ni kana kwamba kati ya majumba ya pwani ile, lililoruhusiwa kuishi ni lile tu lililokubali kubadili jina la mkaazi wake.

Lakini Msasani ilizaa jambo ambalo Kibweni haikulizaa. Mahali Rais alipojenga, wengine walitaka kujenga. Hilo lilicheleweshwa kwa muda na Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, hisa katika makampuni, au mishahara miwili. Azimio lilikuwa na meno, na meno hayo yaliuma hasa katika habari ya nyumba. Hata hivyo viwanja viliendelea kupimwa kuelekea kaskazini, Mikocheni, Kawe, Mbezi, kwa kuwa mji ulikua na watumishi walihitaji pa kukaa. Kisha mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya chama tawala ilikutana Zanzibar, ikayalegeza masharti hayo ya uongozi. Watu wakaliita uamuzi huo Azimio la Zanzibar, wengine kwa kusifu na wengine kwa kejeli. Visiwa vikajikuta vimelibeba jina la jambo ambalo matunda yake yalionekana zaidi bara, na hasa katika ukanda wa Mbezi Beach.

Mbezi Beach ni jina la ajabu kidogo, nusu la Kizaramo na nusu la kigeni, kana kwamba neno ufukwe halikutosha. Palikuwa mashamba na vichaka, mikorosho na minazi, na vijito viwili vitatu vinavyoshuka baharini. Katika muda wa kizazi kimoja pakawa mtaa wa nyumba za ghorofa zilizozungushiwa kuta, zenye mageti ya chuma, walinzi na mibogenvilia. Ukienda mbele kidogo unafika Kunduchi, ambako magofu ya msikiti na makaburi ya karne zilizopita bado yanasimama, makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina. Watu wale nao walipenda kuishi karibu na maji. Ila walizika wafu wao pwani na kuacha njia ya ngalawa.

Njia ndiyo iliyopungua. Mvuvi wa Msasani au Kunduchi wa zamani alishuka pwani popote alipotaka. Leo anashuka pale ukuta unapomwachia. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Sheria hiyo ni nzuri. Anayetembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa, akihesabu kuta zilizomo ndani ya mita hizo, atachoka kuhesabu kabla hajachoka kutembea.

Bahari yenyewe imekuwa hakimu mkali kuliko sheria. Katika ukanda wa Mbezi na Kunduchi ilikuwapo hoteli mashuhuri iliyoitwa Africana. Mawimbi yaliula ufukwe wake kidogo kidogo mpaka hoteli ikashindwa, na leo Afrikana ni jina la kituo cha daladala tu, ambacho vijana wengi hushuka bila kujua kuwa palikuwa na nini. Wataalamu wamezitaja sababu zaidi ya moja, na mojawapo inastahili kukaa katika kumbukumbu za kila anayejenga huko. Mchanga wa ufukwe huletwa na mito midogo inayotoka bara. Watu walichimba mchanga huo mitoni ili kujengea nyumba. Kwa hiyo nyumba zilizotaka kuitazama bahari zilijengwa kwa mchanga ambao ungaliizuia bahari kuzifikia.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Maiti yake ilipoletwa ilipitishwa nyumbani kwake Msasani kabla ya kuelekea Butiama, kijijini alikozaliwa. Miaka minne kabla ya kifo chake, wakati wengi walipokuwa wakikimbilia urais, alikuwa akiwakumbusha watu kuwa Ikulu ni mahali patakatifu, na kuwa mtu anayeinunua ni wa kuogopwa. Maneno yale yalichukuliwa kuwa ni ya siasa ya siku ile. Yakisomwa pamoja na kuhama kwake, yana maana nyingine: aliyeiona Ikulu kuwa takatifu ndiye aliyekataa kulala ndani yake.

Mji mkuu, ambao tangu 1973 ulikuwa umeamriwa kuhamia Dodoma, hatimaye ulihama kweli kweli. Ikulu mpya ya Chamwino ilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari, tarehe 20 Mei 2023, na sura yake imeigizwa makusudi ile ya Dar es Salaam, kwa matao na kingo zake za meno. Fikra za Sinclair, zilizoanzia Vuga na Shangani kwa ajili ya upepo wa kusi, sasa zimesimama katika nchi kavu ya Wagogo, ambako hakuna kusi wala bahari. Jiwe la msingi la Ikulu hiyo lilipowekwa mwezi Mei 2020, Rais John Magufuli aliwagawia marais wastaafu, na Mama Maria Nyerere, tausi wa Ikulu. Ndege ambao Bibi Salme aliwaona wakitembea katika ua wa baba yake wakapelekwa majumbani mwa waliokwisha kuondoka madarakani, wengine hadi Butiama penye kaburi.

Na jumba la Majid? Halipo. Huwezi kuonyeshwa hata msingi wake. Kilichosalia katika mji wake wa mapumziko ni lile jumba la pili, la wageni, ambalo Wajerumani walilitumia na ambalo watu wanaliita Boma la Kale. Limesimama kwenye barabara ya Sokoine, likitazama bandari, kuta zake nene za matumbawe zimepakwa chokaa, milango yake ni ya nakshi ya Unguja, na boriti za mikoko bado zimeibeba dari. Zilipita nyakati ambapo ilishauriwa livunjwe. Katika miaka ya karibuni limefanywa kituo cha urithi wa majengo ya jiji, na mpita njia anaweza kuingia, akapanda ngazi, akasimama dirishani pale walipolala wageni wa Sultani, akaona hori likiwa limejaa meli.